Etosha: Hifadhi Iliyozaliwa na Sotoka na Vita

Mwaka 1897, sotoka iliyokuwa imeteketeza ng'ombe wa Wamasai miaka michache kabla ilifika katika nchi ambayo leo ni Namibia. Wajerumani walioitawala wakati huo walipanga vituo vya askari ili mifugo ya kaskazini isishuke kusini. Viwili kati ya hivyo viliwekwa kwenye kingo za uwanda wa chumvi wa Etosha: Okaukuejo na Namutoni. Mtalii wa leo hufikia kambi zenye majina hayo hayo.

Uwanda wenyewe una ukubwa wa karibu kilomita za mraba 4,800 za chumvi na udongo mweupe. Sehemu kubwa ya mwaka huwa mkavu kabisa. Mvua zikiwa nzuri, mito ya Ekuma na Oshigambo huleta maji kutoka kaskazini, nao flamingo huja kwa maelfu. Kwenye kingo za kusini kuna chemchemi, na hapo ndipo tembo, pundamilia, swala na choroa huja kunywa huku simba wakiwavizia. Hapo pia ndipo walipoishi Wahaiǁom, ambao ni Wasani wa Etosha. Waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu, wakachuma mizizi na matunda ya porini, wakachota chumvi na kuibadilisha na bidhaa za jirani zao Waovambo. Chemchemi zilikuwa na majina yake, na kila ukoo ulijua mipaka ya eneo lake.

Tarehe 28 Januari 1904, wapiganaji wa Mfalme Nehale lya Mpingana wa Wandonga, tawi la Waovambo, waliishambulia ngome ya Namutoni. Wajerumani saba waliokuwamo walijihami mchana kutwa, kisha wakatoroka usiku. Ngome ikabomolewa, ikaja kujengwa upya baadaye.

Mwezi huo huo Waherero walikuwa wameinuka dhidi ya wakoloni, na Wanama wakafuata kabla mwaka haujaisha. Jibu la Wajerumani lilikuwa amri ya kuwaangamiza. Makumi ya maelfu ya Waherero na maelfu ya Wanama waliuawa, au walikufa kwa kiu jangwani na katika kambi za wafungwa. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji hayo kuwa ya kimbari.

Ni katikati ya maafa hayo ndipo hifadhi ilipozaliwa. Tarehe 22 Machi 1907, Gavana Friedrich von Lindequist alitangaza maeneo matatu ya kuhifadhi wanyama, na Etosha ikawa la pili. Wawindaji na wafanyabiashara wa pembe walikuwa karibu kuwamaliza tembo, kwa hiyo hofu ya kuwapoteza wanyama ilikuwa na msingi. Lakini mkono uliotia saini tangazo hilo ni wa utawala ule ule uliowanyang'anya watu ardhi na mifugo. Tanzania nayo ina kumbukumbu ya aina hiyo: maeneo ya kwanza ya kuhifadhi wanyama huko yalitangazwa mwaka 1896 na Gavana Hermann von Wissmann, naye akiwa mtawala wa Kijerumani.

Eneo la tatu la von Lindequist lilikuwa katika jangwa la Namib. Sehemu za jangwa hilo ziliunganishwa mwaka 1979 kuwa Hifadhi ya Namib-Naukluft, yenye karibu kilomita za mraba 50,000 na matuta mekundu ya mchanga ya Sossusvlei. Ndani yake, kando ya mto Kuiseb ambao mara nyingi hauna maji, jamii ya Watopnaar bado inafuga mbuzi na kuvuna !nara, tunda la miiba ambalo mbegu zake huliwa na kuuzwa.

Wahaiǁom hawakupata nafasi hiyo. Afrika Kusini, iliyoiteka nchi mwaka 1915, iliwaacha Etosha kwa muda mrefu, na baadhi yao wakafanya kazi ya kutengeneza barabara na kuwaongoza askari kufuata nyayo. Mwaka 1954 waliamriwa kuondoka. Waliobaki ni wale tu walioajiriwa na hifadhi. Wengi waliishia kuwa vibarua katika mashamba ya Wazungu. Mwaka 1967 Etosha ikapewa hadhi ya hifadhi ya taifa, na kufikia 1973 ilikuwa imezungushiwa uzio.

Kaskazini-magharibi mwa nchi mambo yalichukua njia nyingine. Ukame na ujangili vilipokaribia kuwamaliza faru na tembo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wa vijiji, akiwemo Joshua Kangombe, walishirikiana na mhifadhi Garth Owen-Smith kuteua wenyeji wawe walinzi wa wanyama. Wanyama wakaongezeka. Baada ya uhuru wa 1990, sheria ya mwaka 1996 iliziruhusu jamii kuunda hifadhi zao na kunufaika na utalii. Leo hifadhi hizo za jamii ni zaidi ya 80, na zimechukua takribani sehemu moja ya tano ya nchi.

Sheria hiyo haigusi ardhi iliyomo ndani ya Etosha. Serikali imenunua mashamba kusini mwa hifadhi na kuwapa baadhi ya Wahaiǁom, lakini wengine hawakuridhika. Mwaka 2015 kundi lao lilikwenda Mahakama Kuu kudai haki juu ya ardhi ya mababu. Mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba walalamikaji hawakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuwasemea Wahaiǁom wote. Swali la nani alikuwa mwenye ardhi ile halikuamuliwa, na taifa lililowaamini wakulima na wafugaji wa kaskazini-magharibi kuwalinda faru halina sababu ya kuogopa kulijibu.