Mafuta na Maji Havipatani: Habari za Kupiga Chapa kwa Gharama Ndogo

Hapa Hanga kila mtu aijua kazi ya muhuri. Hutiwa wino, hugandamizwa juu ya karatasi, na alama yake hubaki. Leo nitawaeleza jinsi kazi hiyo ilivyopata kuwa rahisi, kisha ndogo kupita macho ya binadamu.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akawafundisha vijana waliokombolewa utumwani kupiga chapa. Walipanga herufi za risasi moja moja hata ukurasa ukatimia. Vitabu vilipatikana, lakini herufi zilikuwa za fedha nyingi.

Shida hiyo ilikwisha kumpata mtu mwingine zamani zaidi, huko München, Ujerumani. Alois Senefelder alitunga michezo ya kuigiza, wala hakuwa na fedha za kuwalipa wapiga chapa. Basi, akajaribu jiwe la chokaa. Mnamo mwaka 1798 alikuwa amegundua hivi: ukiandika juu ya jiwe kwa wino wa mafuta, kisha ukalilowesha, wino wa chapa hushika penye mafuta tu, na penye maji hukataa. Umaskini wake ndio uliomfundisha.

Mwaka 1993, Amit Kumar na George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliurudia muhuri. Walimimina mpira laini juu ya kiolezo chenye mistari midogo mno, ulipoganda wakaubandua. Wakaupaka dawa yenye tabia ya mafuta, wakaugandamiza juu ya dhahabu. Kisha dawa kali ikaila dhahabu yote isiyokingwa. Mistari iliyobaki yaweza kuwa na upana wa sehemu 1 ya 1,000 ya milimeta. Unywele huuzidi mara 50 au zaidi. Na kiolezo kimoja hutoa mihuri mingi.

Mwaka 2007 Whitesides na wenzake walitia mifereji katika karatasi ili kupima sukari na protini katika mkojo. Miaka miwili baadaye mifereji hiyo ilipigwa chapa kwa nta, kwa kuwa nta huyazuia maji. Ni siri ile ile ya Senefelder.

Yatuhusu nini? Kwa mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa, kipimo cha ghali ni sawa na kukosa kipimo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza mtu apimwe malaria kabla ya kupewa dawa. Katika zahanati, ukanda mdogo wenye mistari ya dawa hulivuta tone la damu na kutoa jibu kwa dakika chache. Hivyo wepesi wa chapa ni uhai wa watu.