Joto la Mwili na Mahali pa Kulipima

Mama aonapo mwanawe amenyong'onyea, humwekea mkono juu ya paji la uso, akasema kama ana homa au hana. Kipimo hicho ni cha kale mno, na waganga wa Ugiriki na Rumi hawakuwa na kingine. Kasoro yake ni kwamba mkono hauna hesabu. Tena mkono uliotoka katika maji baridi hudhani kila mtu ana homa.

Santorio Santorio, tabibu wa Padua nchini Italia, ni miongoni mwa watu wa kwanza walioitafuta hesabu hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1612 alitaja chombo cha kioo chenye hewa na maji: hewa ikipata joto hutanuka, nayo maji husukumwa. Walakini chombo kile hakikuzibwa, hata uzito wa hewa ya nje ulipobadilika maji yalikwenda juu na chini, ijapokuwa mgonjwa alikuwa vile vile. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1714, Fahrenheit alipofungia zebaki ndani ya kioo, ndipo kikapatikana kipimajoto cha kuaminiwa.

Basi chombo kilikuwapo. Swali lililobaki lilikuwa jepesi kusema na gumu kujibu: kiwekwe wapi? Mwili hauna joto moja. Moyo, ini na ubongo hutunzwa katika joto lisilobadilika sana, bali ngozi huachwa ipoe au ipate moto kama hali ya hewa itakavyo. Mtu aliyenyeshewa Limuru ana mikono baridi kama chuma, na huku ini lake halina habari ya mvua.

Carl Wunderlich, tabibu wa Leipzig huko Ujerumani, alichagua kwapa. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 alieleza habari za wagonjwa wapatao 25,000, na vipimo ambavyo yasemekana vilizidi milioni moja. Kazi hiyo yataka kustaajabiwa, kwa maana kila kipimo kilichukua dakika 15 hadi 20, na muuguzi aliinama kukisoma kingali kwapani, kwa kuwa zebaki ilishuka mara kilipoondolewa. Ni yeye aliyetupa ile digrii 37 ya Selsiasi ambayo kila mtu huitaja kuwa joto la mtu mzima wa afya. Wakati huo huo Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alitengeneza kipimajoto cha inchi 6 tu, kilichotosheka na dakika 5, na tangu hapo madaktari wakaweza kukichukua mfukoni.

Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walipima watu 148 wenye afya, wakiweka vipimajoto kinywani, wakapata wastani wa digrii 36.8. Jambo hili lilishangaza, kwani kwa kawaida kwapa huonyesha joto pungufu kuliko kinywa, lakini kwapa za Wunderlich zilikuwa zimezidi vinywa vyao. Kipimajoto kimoja kisemwacho kuwa chake, kilichohifadhiwa katika nyumba ya makumbusho Philadelphia, kilipojaribiwa kilionekana kuzidisha zaidi ya digrii moja. Wengine hawakuridhika na sababu hiyo. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti uliotumia pia vipimo vya Wamarekani waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, nao ukadai kwamba miili yenyewe imepoa kidogo kidogo tangu siku zile. Mimi naona huenda sababu zote mbili zina ukweli.

Kipimo kihesabiwacho kuwa bora kuliko vyote kilitokana na mpira mwembamba uliotangazwa mwaka 1970 na madaktari Swan na Ganz. Hupitishwa katika mshipa, ukavuka moyo, mpaka mshipa upelekao damu mapafuni, mahali ambapo damu ya mwili mzima imekwisha changanyika. Lakini nani atamtoboa mshipa mtoto mwenye mafua? Njia ya haja kubwa hukaribia joto la ndani, ila huchelewa: homa ikipanda au kushuka kwa haraka, pale habari hufika nyuma. Kinywa hudanganywa na chai ya moto. Sikio lina sifa ya kuwa karibu na damu iendayo kwenye ubongo, lakini chombo kikielekezwa vibaya husoma ukuta wa tundu badala ya kiwambo. Na vile vyombo vya kuelekezwa kwenye paji la uso, tulivyovizoea malangoni mwa shule wakati wa korona, husoma ngozi, pamoja na jua lililoichoma njiani.

Kwa mtoto mdogo, nusu digrii si jambo dogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa zahanati huhesabu homa kuanzia digrii 37.5, na hiyo ni ya kwapani. Ikipimwa kwa njia ya haja kubwa, mpaka huongezwa takriban nusu digrii. Mtoto wa digrii 37.6 kwapani ana homa, naye huulizwa habari za malaria. Mwenziwe wa hesabu ile ile, aliyepimwa kwa njia ya pili, huhesabiwa hana homa. Kwa hiyo muuguzi aandikaye 37.6 katika kadi huandika pia mahali alipopima, ili mwenziwe wa zamu ya usiku asilinganishe kwapa la asubuhi na sikio la jioni, akadhani dawa imeshindwa.