Sifuri isiwe tupu

Kila nipitapo Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, huitazama Konza: ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi, ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia Januari 2013. Siku hizi kampuni nazo zina ndoto yao: sifuri ya kaboni. Safaricom, kwa mfano, inalenga kuifikia 2050. Hebu tulichunguze neno lenyewe. Sifuri tuliikopa kwa Waarabu. Maana yake asilia ni tupu. Ahadi ni deni, ila 2050 ikifika, wakurugenzi wengi wa leo watakuwa wamestaafu kitambo. Basi watoe hesabu kila mwaka: gesi iliyotoka, iliyopunguzwa, iliyofyonzwa na miti. La sivyo, mkulima wa Malili anayesubiri mvua ataachiwa sifuri ya asili: utupu.