Ajali za nyuklia zinavyochafua mito na maziwa, na linalowahusu wakazi wa Lafey

LAFEY, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Kenya na Somalia katika Kaunti ya Mandera, hauna ziwa wala mto wa kudumu. Mto Daua, utokao Ethiopia, hupita kaskazini yake. Wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi hutegemea visima virefu, laga zinazojaa wakati wa masika na mabwawa ya udongo yanayokinga maji ya mvua.

Kenya haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, wala haijawahi kukumbwa na ajali ya aina hiyo. Hata hivyo, mahali ambapo bwawa moja hunywesha watu na mifugo yao, ni vyema kufahamu jinsi mionzi inavyoingia majini na inavyokaa humo.

Njia za kuingia majini

Kinu kinapopasuka, chembechembe zake hupeperushwa na upepo, kisha huanguka na mvua au vumbi. Baadhi hutua moja kwa moja juu ya maji. Nyingine huangukia nchi kavu na kusombwa na mafuriko hadi mtoni. Njia ya tatu ni maji machafu yanayovuja au kumwagwa kutoka mtambo wenyewe.

Chembe tatu ndizo zinazotajwa zaidi. Aidini-131 hupungua nusu kila baada ya siku nane, hivyo hatari yake ni kubwa katika wiki za mwanzo, hasa kwa tezi ya shingo ya mtoto anayekunywa maziwa ya mifugo iliyokula majani yaliyochafuliwa. Siziamu-137 huhitaji takriban miaka 30 kupungua nusu. Strontiamu-90 huhitaji karibu miaka 29, na kwa kuwa mwili huidhania kuwa kalisi, huihifadhi katika mifupa.

Mto na ziwa havifanani

Kinu nambari nne cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka Aprili 26, 1986. Kando yake hupita mto Pripyat, unaoingia katika mto Dnieper, tegemeo la maji la mamilioni ya watu. Kiwango cha mionzi katika maji ya mito kilishuka haraka baada ya wiki za kwanza, kwa sababu maji yalisonga na chembe za muda mfupi zikaisha. Siziamu ilinasa katika udongo wa mfinyanzi na kuzama pamoja na tope chini ya mabwawa ya Dnieper. Strontiamu, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi, ilisafiri mbali.

Maziwa yasiyo na mkondo wa kutoka yalichukua muda mrefu zaidi kusafika. Hata katika nchi za mbali kama Sweden, Finland na Norway, samaki wa baadhi ya maziwa walizidi viwango vilivyoruhusiwa kwa miaka mingi. Samaki huchukua siziamu kana kwamba ni potasiamu, na wale wanaokula wenzao hulimbikiza zaidi.

Funzo la ukame

Kisa kinachomgusa zaidi mwenyeji wa nchi kame ni cha Mayak, kiwanda cha nyuklia katika eneo la Urals, Urusi. Kati ya 1949 na 1956, maji yenye mionzi yalimwagwa katika mto Techa, ambao wanavijiji waliunywa na kunyweshea mifugo. Maelfu walihamishwa, na utafiti wa miaka mingi ulionyesha ongezeko la saratani ya damu miongoni mwa waliokaa kandokando yake.

Taka nyingine zilimwagwa katika ziwa Karachay kuanzia 1951. Mwaka 1967 maji yalipungua kwa ukame, kingo zikakauka, na upepo ukapeperusha vumbi lenye sumu hadi vijijini. Maji yanapokauka, siziamu na strontiamu hazikauki. Hubaki katika tope. Ziwa hilo lilizibwa kabisa kwa mawe na saruji mwaka 2015.

Kuchemsha hakusaidii

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi mionzi. Kadiri mvuke unavyotoka, chembe zinazobaki hukolea zaidi. Rangi, ladha na harufu ya maji hayabadiliki, kwa hiyo kipimo pekee ndicho huamua. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa bekereli 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa kwa kila moja ya chembe hizo tatu.

Baada ya ajali ya Fukushima, Japan, Machi 2011, wazazi jijini Tokyo walishauriwa wasiwape watoto wachanga maji ya mfereji baada ya aidini kupimwa ndani yake. Tahadhari nyingine ni kutumia maji ya visima virefu vilivyofunikwa, ambavyo udongo huvikinga dhidi ya vumbi, kuyaacha mabwawa ya wazi hadi yapimwe, na kuzuia mifugo isilishe nje.

Hofu na ukweli

Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka uliofuata kuhusu taarifa za taka zenye sumu, zikiwemo za mionzi, zilizodaiwa kutupwa katika pwani ya Somalia. Hayo yalikuwa madai ya taka zilizotupwa, si ya ajali ya kinu, wala si ushahidi kwamba visima vya Lafey vimechafuka.

Wakati huo huo, serikali ya Kenya imepanga kujenga kinu. Kilifi ilitajwa kwanza na baadhi ya wakazi wake wakapinga, kisha macho yakaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Maji mengi ya ziwa hilo hupotea kwa mvuke, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Nile. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliundwa kwa sheria ya 2019 kusimamia usalama.

Jambo ambalo mwananchi ana haki ya kulidai, awe Siaya au Lafey, ni maji yake yapimwe kabla ya mtambo kuwashwa. Asiyejua hali ya maji yake jana hawezi kuthibitisha kwamba yameharibiwa leo.