Historia Iliyoandikwa na Maboyi

Tukisikia neno "historia" tunafikiri mara juu ya wafalme, vita na magavana. Je, mpishi na mfua nguo hawana historia? Tusikie habari ya kitabu kimoja.

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, kwa ajili ya shaba ya Katanga. Mwaka 1966 uliitwa Lubumbashi. Mjini humo watu wengi walitumika katika nyumba za Wazungu: walipika, walifua, walilea watoto. Waliitwa maboyi, hata wale wenye mvi. Walisimama karibu na meza ya bwana, wakasikia mengi, wakanyamaza.

Lakini hawakunyamaza siku zote. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa namna hiyo kilitaka historia ya mji iandikwe. Mwandishi alikuwa André Yav. Hakutumia Kifaransa, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, kama watu wanavyosema nyumbani na sokoni. Alieleza mwanzo wa mji, taabu ya wafanyakazi, na mambo ya mabwana zao.

Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alitoa maandishi hayo katika kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Kazi haikuwa nyepesi. Maneno yaliungana au kukatika, si kama shuleni. Basi wakafanyaje? Msaidizi wake, Kalundi Mango, aliyasoma kwa sauti. Sikio likafahamu pale jicho liliposhindwa, kwa maana Yav aliandika kama mtu anavyosema.

Tunajifunza nini? Kwanza, tusikionee haya Kiswahili chetu kwa kuwa si cha Unguja. Kimebeba historia ambayo wataalamu wa Ulaya wanaisoma kwa bidii. Pili, neno la mtu mdogo ni ushahidi. Mzee aweza kukosa mwaka. Basi tumwulize na mwenzake, tupime. Lakini anajua mambo ambayo barua za serikali haziyataji.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nani kwetu anakumbuka waliojenga daraja la kwanza, na walikula nini siku zile? Wengi wao tumekwisha kuwazika. Basi, jioni ya leo tuchukue daftari na kalamu, tukae karibu na mzee mmoja, tumwulize. Tusingoje mgeni aje kutuulizia wazee wetu.