Nakala ya Akiba Isiyojaribiwa si Akiba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia ndani ya kompyuta: michango ya chama, karo za madrasa, kadi za wagonjwa wa zahanati, madeni ya duka. Kazi yangu ni kutunza hifadhidata za ofisi ndogo ndogo hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa sana ni hili: "Tununue diski ya ukubwa gani ya bakapu?" Kabla ya kujibu, nami huuliza maswali mawili.

La kwanza: mko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Ofisi inayochukua nakala kila usiku, ikiharibikiwa saa kumi jioni, italazimika kuandika upya malipo ya kutwa nzima, tena kama risiti za karatasi zipo. La pili: mnaweza kufunga kazi kwa muda gani wakati data inarejeshwa? Majibu hayo ndiyo yanayopanga ratiba. Bei ya diski huja baadaye.

Sasa tupige hesabu. Tuseme hifadhidata ina gigabaiti 6, na nakala yake ikishabanwa inakuwa gigabaiti 1.5. Kila data hubanika kwa kiasi chake, kwa hivyo ipime ya kwako. Mpango ninaoupenda ni kuweka nakala 7 za kila siku, 4 za kila wiki na 12 za kila mwezi. Jumla ni nakala 23, yaani gigabaiti 34.5. Lakini data hukua. Ikiongezeka kwa nusu mwaka huu, nakala moja itafika gigabaiti 2.25, na 23 zitakula karibu 52. Ongeza nafasi ya nakala mpya kabla ya ya zamani kufutwa, na gigabaiti 9 za kuifungulia nakala moja kwa majaribio. Tumefika 63. Mimi hapo hutenga 80, ili pasiwe na kubanana.

Nafasi hiyo isiwe kwenye diski ileile ya hifadhidata. Diski ikifa, vyote viwili vimekwenda. Na nakala zikiijaza, kazi yenyewe husimama: MySQL huacha kuandika na kungoja nafasi ipatikane, nayo PostgreSQL inaweza kuzima kabisa. Weka onyo likufikie diski ikijaa asilimia 80, si siku imeshajaa.

Diski ikijaa, usikimbilie kufuta mafaili usiyoyajua. Folda ya pg_wal ya PostgreSQL huonekana kama takataka, kumbe ndimo yanamoandikwa mabadiliko yote. Ukiifuta kwa mkono unaweza kuivunja hifadhidata. Kumbukumbu za mabadiliko za MySQL nazo zipunguzwe kwa amri yake ya PURGE BINARY LOGS. Toleo la 8.0 huziweka siku 30 usipobadilisha mpangilio. Na ujue kwamba kufuta safu za jedwali peke yake aghalabu hakurudishi nafasi kwenye diski. Faili hubaki na ukubwa wake, ila ndani mna nafasi za kuandikia upya.

Yote hayo ni bure kama nakala haifunguki. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu, gigabaiti 300 hivi. Walipoziendea nakala zao, walikuta mahali pa kuwekea patupu. Programu ya pg_dump ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hivyo ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao. Sisi wenye seva moja chini ya meza tutasemaje?

Kwa hivyo, kila mwezi chukua nakala moja, ifungue kwenye kompyuta nyingine, kisha linganisha: idadi ya wanachama, jumla ya michango, malipo ya mwisho kuandikwa. Pima pia imechukua muda gani. Na usifute nakala ya zamani mpaka mpya ithibitike.

Kanuni ya kuhifadhi ni nyepesi: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya jengo. Hapa kwetu, kwenye hewa ya chumvi na umeme wa kukatika, chombo kimoja si cha kutegemewa. Inayotoka nje ifungwe kwa nywila, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huilinda taarifa ya mtu hata ikiwa ndani ya nakala.

Ukiwa mwanakamati wa chama au msimamizi wa zahanati, huhitaji kuzijua amri hizi. Muulize anayewatunzia kompyuta: "Mara ya mwisho kuirejesha nakala yetu ilikuwa lini?" Akikupa tarehe na matokeo, mshukuru. Akikwambia nakala zinachukuliwa kila usiku, hajakujibu. Mwombe akufungulie moja, ukiona kwa macho yako.