Plasmidi: jinsi bakteria wanavyopeana usugu wa dawa

Mtoto anaharisha, na nyumbani kuna antibiotiki zilizobaki dada yake alipougua. Kabla hujampa, soma hapa.

Plasmidi ni nini?
Kila bakteria ana kromosomu, uzi wa vinasaba wenye maelekezo ya maisha yake. Wengi wana pia plasmidi: vipande vidogo vya vinasaba, mara nyingi vyenye umbo la pete, vinavyokaa nje ya kromosomu na kujinakili vyenyewe. Baadhi huweza kuingia ndani ya kromosomu na kutoka tena. Hizo huitwa episomu.

Zina uhusiano gani na dawa?
Plasmidi moja inaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa. Bakteria humpa mwenzake nakala, hata asiye wa aina yake.

Tumbo la mtoto lina bakteria wengi wasio na madhara. Ukimpa antibiotiki bila sababu, wasio na usugu hufa na wenye usugu huongezeka. Bakteria wa hatari akiingia baadaye, anaweza kupokea plasmidi kutoka kwao. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mtoto. Hivyo usugu huo unaweza kuwafikia wengine nyumbani kupitia mikono na maji machafu.

Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti wamekuta jeni ya usugu iitwayo CTX-M-15 ikibebwa na plasmidi. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2007 ulionesha kuwa watoto wenye bakteria sugu kwenye damu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Ufanye nini?
- Mafua, na mara nyingi kuharisha, husababishwa na virusi. Antibiotiki haziui virusi.
- Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa.
- Usimpe mabaki ya dawa wala usinunue antibiotiki bila cheti.
- Mtaalamu akimwandikia antibiotiki, usimnyime. Mpe kwa kipimo na siku alizoelekeza.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni au kumsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha.

Usisubiri
Uwe Kalenga, Iringa mjini au Mbeya, mpeleke kituo cha afya mara moja akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, akipumua haraka au akiharisha damu. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo.